Kimeniponyoka

Daktari Odalys alishuka Wete na masanduku mawili:
moja la nguo, la pili kahawa tupu,
na kamusi iliyovunjika mgongo.
Mimi, Bikombo Faki, muuguzi wa zamu ya usiku,
nikaambiwa: wewe ndiwe ulimi wake.
Ulimi wenyewe wa miezi mitatu, niliosomea Unguja
katika chumba cha feni mbovu,
na cheti chenye jina langu lililokosewa.

Tukaanza na maumivu, ndiyo biashara yetu.
Me duele la cabeza.
Nikamtafuta "mimi" mbele ya sentensi, hayupo.
Kawekwa pembeni, kichwa ndicho kitendacho.
Nikacheka. Hiki si Kihispania, daktari,
hiki Kipemba: kichwa chaniuma.
Akaandika kiganjani, kwa kalamu ya dawa:
cha, ni, uma.

Wana "kuwa" mbili.
Soy ya kudumu, estoy ya kupita, ndivyo kisemavyo kitabu.
Na maiti je? Está muerto, wanasema.
Kumbe kwenu na kufa kunapita?
Alikoroga kahawa isiyokuwa na sukari,
akakoroga,
hakunijibu mpaka leo.

Siku nyingine akaniletea mkono, la mano,
neno lenye ndevu lililovaa buibui.
Nami nikampa kipofu:
kaanza na ki-, lakini kipofu amekuja,
thubutu useme kimekuja.
Tukatoka sare.

Ojalá sikufundishwa na mtu.
Mawingu yalikuwa juu ya Limbani, akasema ojalá llueva,
nami nikaitikia kwa mazoea: inshallah inyeshe.
Tukatazamana.
Kwake kitenzi kimegeuza mkia, na kwangu vilevile,
kama mtu avuaye viatu
mlangoni pa jambo asilolijua.

Kisha ile asubuhi ya kikombe.
Kilianguka, kikawa vipande saba, akasema se me cayó.
Nikamshika: sema umekiangusha, daktari, usikimbie!
Akaapa hakimbii.
Kikombe kimeanguka chenyewe, alisema,
mimi nimo humo katika me,
nimesimama karibu, hasara yangu, kosa si langu.
Nikanyamaza, maana nalijua neno hilo.
Kimeniponyoka.
Mama yangu alilisema kila mwezi, na vikombe vikiisha.

Saa nane usiku wakamleta Mize wa Gando,
mimba ya miezi minne, kanga mbili zimelowa.
Mkwewe amesimama mlangoni:
"Kaitoa huyu! Kabeba madumu, tulimkataza!"
Mize anautazama ukuta.
"Imenitoka," anasema. Basi.

¿Qué dice?

Nilikuwa na la perdió mdomoni, ameipoteza,
rahisi, wengi husema hivyo.
Lakini kupoteza ni kitendo, kina mwenyewe,
na mwenyewe husutwa.
Nikaisikiliza tena ile i-me-ni-toka,
na ile -ni- katikati, ndogo kama punje ya dengu,
yule mwanamke mzima kajikunja humo.
Se le fue, nikasema.
Se le fue, doctora. Imeondoka, naye ndiye aliyeondokewa.

Odalys aliandika faili lake kwa maneno ya vitabuni.
Kisha akavua miwani, akakaa ukingoni mwa kitanda,
akatafuta, naona midomo yake inahesabu silabi,
akasema kwa Kiswahili chake kibichi:
"Pole, Mize. Imekutoka."

Hakukosea hata herufi.

Mkwe alimtafuta mtenda katika sentensi ile,
akatazama juu, akatazama chini ya kitanda.
Akainama kuchukua chupa ya chai ammiminie,
mkono unamtetema,
na kifuniko kikamponyoka, kikabiringika
mpaka kwenye miguu yangu.
Hapana aliyesema kitu.